Gari linapashwa moto, mtoto anaumwa kichwa

Juni ikishaingia huku Shirimatunda, tunajuana kwa masweta. Mlima hauonekani siku tatu, nne, wakati mwingine wiki nzima. Wingu limekaa juu ya mji kama mfuniko wa sufuria. Watoto hawataki kutoka kitandani, maji ya bomba yanauma meno, na alfajiri unasikia mtaa mzima ukiunguruma. Hayo ni magari. Kila mwenye gari ameliwasha, ameliacha hapo hapo lilipolala, naye amerudi ndani kuoga na kunywa chai. Ukimuuliza atakwambia, "Nalipasha moto kwanza."

Mzazi mwenzangu, leo nataka tuzungumzie hilo gari linalopashwa moto. Najua ukurasa huu ni wa familia na si wa mafundi, na kwa kawaida hapa tunaongelea ada, malezi na chakula cha watoto. Lakini nyumbani kwangu jambo hili halikuanzia gereji. Lilianzia chumbani kwa watoto, ndiyo maana nimelileta hapa.

Mwaka jana mwezi wa sita, binti yangu wa darasa la tatu alianza kulalamika kichwa. Si kila siku. Siku za shule tu. Nikimwamsha saa 12 asubuhi anakaa ukingoni mwa kitanda, ameshika paji la uso, anasema, "Mama, kichwa kinaniuma, nasikia kutapika." Nampa uji, anauacha. Anakwenda shule hivyo hivyo, na ikifika saa nne amepona, anacheza na wenzake. Jumamosi anaamka anaruka kamba. Jumapili anakwenda kanisani, anaimba mpaka mwisho wa ibada.

Sasa wewe mzazi, ukiona mtoto anaumwa Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi amepona, utafikiria nini? Nilifikiria hilo hilo unalolifikiria. Nikasema huyu ameshajua ujanja wa kukwepa shule. Nikaanza maswali: "Kwani mwalimu amekufanya nini? Hesabu hujamaliza?" Asubuhi moja nikamwambia mbele ya kaka yake kwamba sitaki kulea mtoto mwongo. Aliniangalia, hakujibu, akainama kuvaa viatu.

Hata hivyo moyo wa mama haulali. Nilimpeleka zahanati. Tukapima malaria, hakuna. Mkojo, msafi. Macho yakapimwa, yanaona vizuri kuliko yangu. Homa hana. Tukapewa dawa ya maumivu, tukarudi. Mara zote tulikwenda mchana, na mchana mtoto alikuwa mzima.

Kuna wiki baba watoto alisafiri kikazi kwenda Dodoma. Wiki ile mtoto hakuumwa hata siku moja. Niliona, nikalitafsiri vibaya. Nikajisemea, si unaona, aliyekuwa anamdekea hayupo, maradhi yamekwisha.

Mpaka usiku mmoja alipopata kikohozi, nikaamua kulala naye.

Alfajiri nilipolala chumbani kwake

Nikuchoree kwanza nyumba yetu. Chumba cha watoto kiko ubavuni. Dirisha lake ni la vioo vya kupanga, vile ambavyo hata ukivifunga vinaacha nafasi. Dirisha hilo linatazama banda la gari. Banda tulilijenga wenyewe kidogo kidogo: mabati juu, ukuta wa nyumba upande huu, ukuta wa uzio upande ule, na nyuma tumeziba kwa matofali. Mbele, msimu wa baridi, tunashusha turubai kuzuia upepo. Gari tunaliingiza kinyumenyume ili asubuhi litoke kirahisi. Maana yake bomba la moshi linatazama ndani, pale palipozibwa, chini kabisa ya dirisha la watoto.

Hayo yote nilikuwa nayajua kwa miaka. Sikuwahi kuyapanga pamoja kichwani.

Nilikuwa macho mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Saa 11:32. Gari likawaka, likaanza kuunguruma kwa ile sauti ya juu ya injini ya baridi. Nikasikia hatua za mume wangu zikirudi ndani, kisha maji ya kuoga. Turubai bado liko chini. Baada ya dakika chache harufu ikaanza kuingia. Mwanzoni ilinikera, halafu nikaizoea, na hapo ndipo pabaya, maana pua ikishazoea unadhani hewa ni safi. Alipolitoa gari kwenda kulifuta getini, ilikuwa imepita zaidi ya dakika ishirini. Nikakaa kitandani. Kichwa kilikuwa kizito, kama mtu aliyepuliza kuni mbichi usiku kucha.

Binti yangu akaamka, akashika paji la uso. Hakusema kitu. Alikuwa ameshaacha kuniambia.

Msomaji, nilitoka naye nje na blanketi lake, tukakaa kwenye ngazi za mbele kwenye baridi ile ile tuliyokuwa tunaikimbia.

Huo moshi una nini?

Mji wetu unaitwa Moshi, na utani wake tumeuzoea. Lakini moshi wa gari si wa utani. Ndani yake kuna gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vilivyomo kwenye moshi. Gesi yenyewe huioni wala huinusi.

Kazi ya damu ni kubeba oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuipeleka mwilini. Kaboni monoksidi ikiingia inakaa kwenye kiti kile kile cha oksijeni, na inakishikilia kwa nguvu zaidi ya mara 200. Oksijeni inakosa nafasi. Ubongo na moyo ndio wa kwanza kulalamika. Ndiyo maana dalili zinaanzia kichwani: maumivu, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, usingizi usioeleweka. Ikizidi, mtu anachanganyikiwa, anazimia, na anaweza kufa akiwa usingizini bila kupiga hata kelele.

Mtoto anaathirika mapema kuliko mkubwa, kwa sababu anapumua haraka zaidi kulingana na mwili wake. Mama mjamzito naye awe mwangalifu sana, kwani gesi hii inapita mpaka kwa mtoto aliye tumboni, na inaweza kumdhuru hata kama mama mwenyewe hajisikii vibaya sana.

Na injini ya baridi ndiyo mbaya zaidi. Asubuhi inapowashwa inanyweshwa petroli nyingi kuliko kawaida ili isizime, na petroli hiyo haiungui yote. Kwenye bomba la moshi la magari mengi kuna kifaa cha kusafisha moshi, lakini hakianzi kazi mpaka kipate joto kali, nyuzi mia mbili na kitu kwenda juu. Kwa hiyo zile dakika za mwanzo, ambazo sisi tunaliacha gari dirishani, ndizo dakika linapotoa moshi mchafu kuliko wakati mwingine wowote wa siku.

Wenye magari ya dizeli msicheke. Dizeli inatoa kaboni monoksidi kidogo kuliko petroli, ni kweli, lakini masizi yake ni balaa kwa mtoto mwenye pumu, na mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kama unadhani hii ni habari ngeni, kumbuka jiko la mkaa. Kila mzazi wa huku anajua hupaswi kulala na jiko la mkaa chumbani hata baridi iwe kali namna gani. Gesi inayoua pale ni hii hii. Tumejifunza kuliogopa jiko, lakini gari tunaliacha liungurume chini ya dirisha la mtoto.

Kama ni kweli ndicho kilichokuwa kinamuumiza binti yangu, mbona zahanati hawakukiona? Kwa sababu hatukuwaambia kuna gari, na wao hawakuwa na sababu ya kuuliza. Tena gesi hii inatoka mwilini taratibu mtu akipata hewa safi. Baada ya saa nne au tano inakuwa imepungua nusu. Ukimpeleka mtoto mchana kwa jambo la alfajiri, unakuta dalili zimeshaondoka. Mimi nilipata uthibitisho wangu kwa njia rahisi: tulihamisha gari, na kichwa kikaacha kuuma. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mpaka leo.

"Mzee ndiye aliyenifundisha"

Nilimngoja mume wangu arudi jioni. Sikutaka kuanza kwa lawama, kwa sababu na mimi nilikuwa na zangu. Nikamwambia, "Baba, hilo gari asubuhi linaingiza moshi kwa watoto. Kwani lazima likae muda wote ule?"

Akaniambia, "Injini ya baridi ukiiondoa ghafla unaiua. Mzee ndiye aliyenifundisha."

Mzee ni baba mkwe, anaishi Kibosho. Zamani alikuwa na pikapu, Peugeot 404, akibebea kahawa na ndizi. Mume wangu akiwa mdogo, kazi yake ilikuwa kukaa na baba yake asubuhi wakingoja injini ipate moto. Kwa hiyo aliposema amefundishwa na mzee, nilielewa kwamba mbele yangu kulikuwa na kumbukumbu ya baba na mwana, na hiyo huiondoi kwa ubishi. Tukakubaliana Jumamosi twende tukamuulize fundi wetu.

Fundi alitusikiliza huku akijifuta mikono. Halafu akasema neno ambalo sisahau: "Gari lenu halijui kama Moshi kuna baridi."

Akaeleza hivi. Alfajiri ya Julai huku kwetu inakuwa nyuzi joto 15 hivi. Sisi tunatetemeka, lakini injini hizi zimetengenezwa Japani, na kule kaskazini kwao, Hokkaido, kuna theluji na baridi inashuka chini ya sifuri kwa miezi. Kwa injini ya namna hiyo asubuhi ya Shirimatunda ni hali ya hewa nzuri tu.

Magari ya zamani kama pikapu ya mzee yalikuwa na kabureta. Hayo petroli ilichanganywa na hewa bila akili yoyote. Injini ikiwa ya baridi mchanganyiko haushiki vizuri, gari linakohoa, linazima njiani. Dereva alilazimika kuvuta choki kwa mkono na kungoja. Mzee hakukosea hata kidogo. Lakini magari mengi tunayoendesha leo, akina IST, Vitz, Noah na mengineyo, yana kompyuta. Kuna sensa inayopima joto la injini, na kompyuta inaongeza au kupunguza petroli yenyewe kila wakati. Ile sauti ya juu unayoisikia ukiwasha asubuhi ni kompyuta inafanya kazi ambayo mzee alikuwa anaifanya kwa mkono.

Mume wangu akauliza swali lake la msingi: na oili je? Si inakuwa imeshuka yote chini usiku?

Fundi akasema ni kweli imeshuka, lakini pampu inaipandisha ndani ya sekunde chache. Nusu dakika inatosha, dakika moja ukitaka roho yako itulie. Baada ya hapo namna bora ya kuipasha injini ni kuondoka nalo polepole. Injini inayotembea inapata joto haraka kuliko iliyosimama. Ikisimama inachukua muda mrefu kupata moto, na wakati wote huo petroli isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda na kuichafua oili. Yaani unadhani unailinda, kumbe unaichosha.

Kitu kinachoua injini ya baridi, alisema, ni mguu wa dereva. Kupiga resi asubuhi, au kutoka getini kwa kishindo kama unafukuzwa. Kilomita tano za mwanzo nenda kwa upole, usikanyage sana, na hapo umelifanyia gari lako kila linachohitaji.

Akatuuliza tunaweka oili gani. Mume wangu akataja ile nzito, 20W-50. Fundi akacheka. Akasema namba ya mbele yenye herufi W inaonyesha oili inavyotiririka wakati wa baridi. W yenyewe ni kifupi cha neno la Kiingereza la msimu huo. Namba ikiwa ndogo, oili inapanda haraka alfajiri. Magari mengi madogo ya Japani yametengenezewa oili nyepesi kama 5W-30. "Angalia kitabu cha gari kinasema nini. Unaweka oili nzito, halafu unangoja dakika ishirini ipande. Badilisha oili, usibadilishe ratiba ya familia."

Kuna jambo lingine, na hili lilimgusa baba watoto kuliko yote: hela. Gari dogo likiunguruma limesimama linakula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na likiwa la baridi linakaribia hiyo lita. Dakika ishirini ni kama theluthi ya lita. Siku tano za wiki ni lita moja na nusu na zaidi. Kwa Juni na Julai peke yake unakaribia lita 14. Hesabu lita moja kwa shilingi 3,000: hiyo ni zaidi ya shilingi 40,000. Hela ya sweta mpya mbili za shule inatoka kwenye bomba la moshi na kuingia kwenye mapafu ya mvaaji.

Kibosho

Ikabaki kazi moja. Mume wangu alitaka mzee asije akasikia kwa watu kwamba tumeacha mafundisho yake. Jumapili tukapanda Kibosho. Kule baridi ni baridi kweli. Ukungu umelala ndani ya migomba. Mama mkwe alikuwa amepika mtori, tukakaa jikoni.

Mume wangu alizunguka weee, akamsifu mzee, akasifu pikapu, mwisho akasema fundi anasema siku hizi si lazima kungoja.

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, "Wewe unalipashia moto wapi?"

"Bandani, baba."

"Banda lipi? Lile mlilolifunga kama stoo?" Akaweka kikombe chini. "Mimi pikapu nilikuwa naisukuma mpaka chini ya mparachichi ndipo naiwasha. Hukumbuki? Ulikuwa unanisaidia kuisukuma. Unafikiri tulikuwa tunaisukuma kwa ajili gani? Mama yako alikuwa amelala na wadogo zako."

Mume wangu alinyamaza kwa muda mrefu. Alikumbuka kusukuma. Alidhani ule ulikuwa mchezo.

Nimelifikiria sana hilo tangu siku ile. Sisi wazazi tunarithi tabia za wazee wetu, lakini mara nyingi tunarithi nusu. Tunachukua kile kilichoonekana, kungoja injini, na tunaacha ile sababu iliyokuwa ikibeba kila kitu: watoto wamelala.

Tufanye nini asubuhi za baridi?

Haya ndiyo tunayoyafanya sisi sasa. Chukua yanayokufaa.

Kila kitu kiwe tayari kabla ya kugusa ufunguo. Mabegi ndani, watoto wamevaa, geti liko wazi, umelizunguka gari kuona hakuna mtoto wala paka nyuma. Ndipo unawasha. Ukifunga mkanda na kuhakikisha watoto wamefunga yao, ile nusu dakika imeshapita.

Kama ni lazima gari liungurume, liwe nje kabisa, bomba la moshi litazame mbali na madirisha na milango. Si ya kwako tu. Angalia na ya jirani. Kufungua mlango wa banda au kupandisha turubai hakutoshi, moshi unakaa ndani na kupenya kwenye nyumba.

Usiwaweke watoto ndani ya gari linalounguruma ili wapate joto huku wewe unamalizia chai. Bomba la moshi likiwa limetoboka chini, moshi unaingia kwenye gari. Na mtoto aliyeachwa na gari lililowaka hakosi cha kushika. Wape masweta na soksi, wangoje ndani ya nyumba.

Kitaa cha buluu cha maji ya baridi kwenye dashibodi, kwa magari yenye nacho, si amri ya kungoja. Kinakuambia injini haijapata moto, basi endesha kwa upole. Kitazimika chenyewe njiani.

Dizeli ina kitaa cha njano chenye umbo la waya uliojikunja. Hicho ndicho cha kungoja, na unakingoja kabla ya kuwasha, si baada. Kikizimika, washa.

Magari makubwa yenye breki za upepo, kama malori na mabasi, kweli yanahitaji kuunguruma mpaka upepo ujae, kwa sababu bila upepo hakuna breki. Jirani mwenye gari la namna hiyo usimgombeze. Mwombe alilaze mahali ambapo moshi hautaingia vyumbani mwa watu.

Kioo kikiwa na ukungu, usiondoke mpaka uone. Hilo ni jambo la maana kuliko joto la injini, hasa kwa wanaoshuka kutoka Marangu na Rombo alfajiri. Futa kwa kitambaa kikavu, elekeza hewa kwenye kioo cha mbele, washa na kiyoyozi maana kinakausha hewa, shusha dirisha kidogo. Lakini ufanye hayo gari likiwa nje.

Na bodaboda pia. Vijana wetu wengi wanalaza pikipiki ukumbini au kwenye korido kwa kuogopa wezi, na alfajiri wanaiwasha humo humo ipate moto. Isukume nje kwanza. Chumba kidogo kinajaa gesi haraka, na pikipiki nyingi hazina kile kifaa cha kusafisha moshi. Jenereta nalo liwe nje siku zote.

Kama unadhani baridi yetu ni ya kipekee, jua hili: Ujerumani, nchi yenye theluji, sheria za barabarani zinakataza kuacha injini ikiunguruma bila sababu. Na Kanada, ambako baridi inashuka mpaka nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, watu wanachomeka injini kwenye umeme usiku ili isigande. Huku kwetu hatuna theluji mtaani. Tunayo ile ya kileleni tu, na hiyo tunaitazama kwa mbali wingu likiondoka.

Ukiona dalili hizi

Mtoto anaumwa kichwa asubuhi bila homa, anasikia kichefuchefu, amelegea, na akitoka nyumbani anapata nafuu. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kwa pamoja. Anaumwa siku za kazi, siku za mapumziko mzima. Jiulize: kuna nini kinachowaka karibu? Gari, pikipiki, jenereta, jiko la mkaa?

Ukimkuta mtu amelegea, amechanganyikiwa au amezimia mahali penye moshi, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, zima kinachowaka, na mkimbize hospitali hata kama anasema amepata nafuu. Usikae ndani kutafuta kitu. Na wewe utaanguka. Ukifika, iwe Mawenzi, KCMC au kituo kilicho karibu nawe, waambie wazi kwamba alikuwa kwenye moshi wa gari au wa mkaa. Usipowaambia, wataanza na malaria kama walivyoanza na sisi. Tiba yake ni oksijeni, na muda ni muhimu.

Banda letu bado lipo. Turubai tumelitoa, na gari sasa linaingia kwa mbele, pua ikitazama ukuta. Asubuhi baba watoto anaoga, anakunywa chai, mabegi yanaingia, ndipo gari linawaka na kutoka. Hajachelewa kazini hata siku moja. Tena anasema siku hizi analala robo saa zaidi.

Mimi nilikuwa na deni jingine. Nilimwita binti yangu, nikamwita na kaka yake, kwa sababu mbele ya kaka yake ndipo nilipomwita mwongo. Nikamwambia, "Ulikuwa unasema kweli. Mama ndiye hakusikia. Nisamehe." Akaniuliza kama kichwa kikiuma tena aniambie. Nikamwambia aniambie kila mara, hata kama ni Jumatatu, hata kama ana mtihani wa hesabu.

Leo jioni, kabla ya kulala, toka nje utazame bomba la moshi la gari lako limeelekea dirisha la nani. Tukutane wiki ijayo.